Uzi: Haibiskasi, kamera ya mbao ya mjomba na karatasi sita za filamu nilizoziharibu

kaniki_nyeusi (Tabora)

Wanajukwaa, habari za siku nyingi. Naandika nikiwa Isevya, mjini Tabora, na nitaeleza jambo langu kwa kirefu, kwa sababu kila nilipolieleza kwa kifupi watu walinijibu "tumia simu", na simu ninayo.

Mjomba wangu, aliyekuwa mpiga picha wa harusi na wa vitambulisho kwa miaka mingi, aliniachia kamera ya mbao ya kukunja. Haitumii mkanda wa filamu unaozungushwa, bali hutumia karatasi za filamu za inchi 4 kwa 5, kila picha karatasi yake. Mbele ina lenzi ya milimita 150 ambayo tundu lake hufunguka hadi f/5.6 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu ni dogo), nyuma ina kioo chenye ukungu, na katikati ina mvukuto wa ngozi uliokunjwakunjwa, ambao mhunzi yeyote wa zamani wa Unyamwezi angeutambua kwa sura, ila huu haupulizi moto, kazi yake ni kuzuia mwanga. Nimeukagua kwa kuweka tochi ndani yake usiku na sikuona tundu hata moja. Nilirithi pia kaseti tatu, kila moja inabeba karatasi mbili, na ndugu yangu mmoja aliyetoka safari ya Ulaya akaniletea boksi la FP4 Plus, filamu ya nyeusi na nyeupe ya kampuni ya Ilford, karatasi 25 za ISO 125 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kuhisi mwanga). Sina njia rahisi ya kupata boksi jingine, ndiyo maana nimeona niulize kabla sijaendelea kuteketeza lililopo.

Nimepiga karatasi sita, zote za haibiskasi nyekundu, ua lililo kwenye ua wa nyumba yetu (lugha yetu inisamehe). Karatasi ya kwanza ilitoka nyeusi tii kwa sababu nilichomoa kifuniko cha kaseti shata, yaani mlango wa mwanga wa lenzi, ikiwa bado wazi. Ya pili niliiingiza gizani mgongo ukiwa mbele, kwa hiyo mwanga uliifikia kupitia upande usio na dawa. Hizo mbili sizilalamikii, nimejifunza na nimezitupa. Zinazoninyima usingizi ni nne zilizofuata, ambazo nilizipiga kwa utaratibu wote niliousoma. Nilipima mwanga kivulini kwa programu ya simu, nikaambiwa sekunde 1 kwa f/22, nikaipa filamu sekunde yake moja kamili, nikaisafisha kwa dakika zilizoandikwa. Zote zimetoka nyepesi kama mvuke juu ya kioo. Ukiinua negativu dirishani unaona ukingo wa petali mbili na kijiti kirefu cha katikati, basi. Majani ni kana kwamba hayakuwapo. Ya sita ina balaa lake la ziada, kwani nyuki alitua juu ya kijiti nikiwa nimefungua shata, na sasa kijiti hicho kina ncha mbili. Ukiishi katika mji wa asali, hayo huwezi kuyakwepa.

Kinachoniuma ni kwamba nilipokuwa chini ya kitambaa (ninatumia kaniki mbili zilizoshonwa pamoja) nilichokiona kilikuwa kizuri kuliko picha yoyote niliyowahi kupiga. Ua lilikuwa limening'inia kichwa chini, kulia kumekuwa kushoto, limejaza kioo kizima, na chembe za chavua zilikuwa zinang'aa moja moja kama mtama uliomwagika. Nikisogeza kichwa kidogo, pembe moja ya kioo inafifia na nyingine inaamka. Kwa nini yote hayo hayakufika kwenye filamu? Je, shata ya mjomba imechoka, filamu imeharibika njiani, au divelopa yangu, ile dawa ya kusafishia filamu, ni mbovu?

mwalimu_wa_fizikia (Kigoma)

Ndugu yangu wa Tabora, mwangaluka. Kabla hujaituhumu shata ya marehemu, naomba unijibu jambo moja tu. Ulipomaliza kuweka ua sawasawa kwenye kioo, umbali kutoka kwenye lenzi hadi kwenye kioo ulikuwa sentimita ngapi?

kaniki_nyeusi (Tabora)

Mwalimu, asante, ila mjomba yu hai na anasoma uzi huu kwa simu yangu, amestaafu tu. Nimeirudisha kamera mahali pale pale na kupima kwa rula ya shule. Ni sentimita 30 kasoro kidogo, mvukuto ulikuwa umenyooka karibu wote. Upana wa ua kwenye kioo ulikuwa sawa na upana wa ua lenyewe, na kwa kweli hilo lilinifurahisha sana.

mwalimu_wa_fizikia (Kigoma)

Namwomba radhi mzee wetu, na ninamtakia maisha marefu. Shata yake haina kosa.

Namba f/22 iliyochongwa kwenye lenzi yako ni ya kweli pale tu lenzi inapotazama mbali, kwa mfano ukipiga picha ya stesheni ya reli ukiwa ng'ambo ya barabara. Hapo lenzi ya milimita 150 hukaa sentimita 15 kutoka kwenye filamu. Ulipolisogelea ua hadi likawa na ukubwa wake halisi kwenye kioo, ulilazimika kuuvuta mvukuto hadi sentimita 30, yaani mara mbili. Chukua tochi usiku, uielekeze ukutani, kisha rudi nyuma hadi umbali uwe mara mbili: duara la mwanga linaenea kwenye eneo kubwa mara nne, na kila sehemu ya ukuta inapata robo ya mwanga iliyokuwa ikiupata. Ndani ya mvukuto wako jambo ni hilo hilo. Simu ilipima mwanga unaoliangukia ua na haikukosea, lakini haikujua kwamba katikati kuna njia ndefu. Kamera ndogo zinazopima mwanga kupitia lenzi hujirekebisha zenyewe, ndiyo maana watu wengi huishi bila kulijua jambo hili.

Kwa hiyo sekunde 1 ilipaswa kuwa sekunde 4. Hapo linaingia deni la pili. Filamu ikipewa mwanga hafifu kwa muda mrefu huwa inachoka, haikusanyi mwanga kwa uwiano ule ule wa sekunde za mwanzo. Kwa FP4 Plus, Ilford wenyewe wanaelekeza kwamba muda wowote unaozidi sekunde 1 uuchukue katika sekunde na kuupandisha kwa kipeo cha 1.26. Kikokotoo cha simu kinafanya hivyo bila shida: 4 inakuwa 5.7, sema 6. Ulitoa sekunde 1 mahali palipohitaji 6, na huo ni upungufu wa zaidi ya stopu mbili na nusu (kila stopu moja ni mwanga kuongezeka mara mbili au kupungua nusu). Vivuli vyote vimezama, na majani mabichi, ambayo yana kiza chake tangu mwanzo, ndiyo yaliyotangulia kupotea.

Huna haja ya kupima mvukuto kila mara. Simamisha rula kando ya ua, tazama kwenye kioo, pima ile rula ya kwenye kioo kwa rula nyingine. Sentimita 10 za kweli zikionekana kama 5, ukubwa ni nusu. Jumlisha 1 na huo ukubwa, zidisha jibu kwa lenyewe, na jibu hilo ndilo la kuzidishia muda. Ukubwa kamili: 2 mara 2, yaani 4. Nusu: 1.5 mara 1.5, yaani 2.25.

Sasa nikushauri jambo ambalo huenda hutalipenda. Achana na ukubwa kamili kwa sasa. Ua la haibiskasi lina kina. Kile kijiti kinachomoza mbele ya petali sentimita kadhaa. Kwa ukubwa kamili na f/22, sehemu itakayoonekana kali kutoka mbele hadi nyuma haifiki sentimita moja, hata ukikubali ukali wa wastani. Ukirudi nyuma hadi nusu, sehemu hiyo inakuwa karibu mara tatu, takriban sentimita mbili na nusu, na muda unashuka kutoka sekunde 6 hadi 3. Umepunguza ukubwa, umepata kina na muda kwa pamoja. Sijui biashara nyingine yenye faida ya pande mbili namna hiyo. Na usidhani utatibu kina kwa kuziba tundu hadi mwisho, kwa sababu tundu likiwa dogo mno mwanga hutawanyika kwenye kingo zake na picha nzima inalegea. Tena kwa ukubwa kamili, f/22 yako inafanya kazi kama f/44.

bi_bustani (Tabora)

Mwanangu wa Isevya, mimi nipo Cheyo, na ingawa sina ujuzi wa kamera, maua ninayafahamu. Kwa nini unalifuata ua nje? Haibiskasi ya kawaida huishi siku moja. Inafunguka asubuhi na jioni imejikunja kama mwavuli, iwe imekatwa au haijakatwa. Ichume saa moja asubuhi, iweke mezani bila hata tone la maji, na itakaa wazi kutwa. Si kila ua lina tabia hiyo. Waridi ukilikata unapaswa kulitia majini na kulipa nafasi litulie kwanza, maana shina likianza kunywa, kichwa huinuka na kugeuka polepole. Ukiliharakisha litasogea mbele ya kamera yako bila wewe kuona.

Ndani ya nyumba hakuna nyuki. Upepo pia hakuna. Kiangazi hiki saa tatu ikishapita huku kwetu kila jani linatikisika, na wewe unataka litulie sekunde tatu!

mzee_wa_studio (Ujiji)

Nimeusoma uzi huu kwa furaha, na nimesikitika kidogo kwamba Bi Bustani amewahi kusema nililotaka kusema. Naongeza kwamba njia hiyo ina heshima kubwa. Mjerumani Karl Blossfeldt, aliyezaliwa 1865 na kufariki 1932, alikuwa mwalimu wa sanaa Berlin. Alikata mimea, akaisimamisha mbele ya karatasi isiyo na mapambo, akatumia mwanga wa kawaida na kamera aliyoitengeneza mwenyewe, akakuza machipukizi na vikonyo hadi mara 30. Alifanya hivyo kwa miongo mitatu, na karibu kila picha yake ina utaratibu ule ule. Imogen Cunningham wa Marekani alipiga ua la magnolia mwaka 1925 naye akaliacha lijaze picha nzima, bila jani wala anga.

Kijana, chagua dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja. Weka meza pembeni yake, ua juu ya meza, manila ya kijivu nyuma ya ua kwa umbali wa mkono mmoja ili kivuli chake kisifike, na manila nyeupe upande wa pili wa dirisha irudishe mwanga kidogo. Hiyo ndiyo studio. Nimepiga pasipoti za nusu ya mji huu kwa vifaa visivyozidi hivyo.

Jambo ambalo Mwalimu hakulisema ni rangi. Filamu yako inaona rangi zote lakini inaziandika kwa kijivu, na wekundu wa haibiskasi na ubichi wa majani yake hutoka na kijivu kinachokaribiana mno. Jicho lako linaona ua linawaka juu ya majani. Filamu inaona bibi na bwana waliovaa sare. Kwa hiyo hata ungetoa sekunde sita, picha yako ya uani ingekuwa butu. Ukiwa na kichujio chekundu mbele ya lenzi, ua litang'aa na majani yatatiwa giza, lakini kichujio hicho kinakula takriban stopu tatu, na zile sekunde tatu zitageuka kuwa zaidi ya nusu dakika. Afadhali uondoe majani yote, ubakize ua na manila. Au tafuta haibiskasi ya njano.

kaniki_nyeusi (Tabora)

Mzee, shikamoo. Jirani anayo ya njano, nitaomba. Je, kama ua ni jeupe nipime vipi? Mama ana yungiyungi jeupe ambalo nimeliweka akiba kwa siku nitakayokuwa nimejua.

mzee_wa_studio (Ujiji)

Marahaba, mwanangu. Ukielekeza kipimo kwenye ua jeupe, kipimo kinadhani dunia nzima ni ya kijivu, kitakuambia upunguze mwanga, na yungiyungi la mama litatoka na rangi ya saruji. Pima ile manila ya kijivu ikiwa pale pale penye ua. Usipokuwa nayo, pima ua lenyewe kisha ongeza stopu moja na nusu. Baada ya hapo ndipo ulipe madeni mawili ya Mwalimu, la mvukuto kwanza, la uchovu wa filamu baadaye, kwa mpangilio huo. Ukiyageuza hesabu haitatoka.

chumba_cha_eksirei (Kigoma)

Habari zenu. Nimefanya kazi ya kupiga eksirei tangu enzi za filamu na ninataka kumpunguzia kijana gharama. Hospitali nyingi zimehamia kwenye kompyuta, lakini filamu za eksirei bado zinapatikana kwa wauzaji wa vifaa vya tiba, na watu wenye kamera kubwa duniani kote wanazitumia kujifunzia. Karatasi moja ya sentimita 24 kwa 30 inatoa vipande vinne vya kamera yako na mabaki. Faida yake kuu kwa anayeanza ni kwamba ile inayohisi kijani haioni wekundu, kwa hiyo unaikata, unaipakia na kuisafisha chini ya taa nyekundu hafifu huku ukitazama picha inavyojitokeza. Kwa mtu aliyeingiza karatasi mgongo mbele, hiyo si faida ndogo.

Tahadhari ni mbili. Ina dawa pande zote mbili na ni laini mno ikilowa, hivyo weka kioo bapa kwenye sakafu ya sinia na usizirundike. Na kwa kuwa haioni wekundu, haibiskasi nyekundu itatoka nyeusi kabisa, ilhali maua ya mjakaranda yatatoka meupe. Mimi huanza na ISO 80 mchana, kisha ninarekebisha.

mzee_wa_studio (Ujiji)

Ndugu yangu wa eksirei, heshima yako, ila hapa tunatofautiana. Kijana ana karatasi 19 za filamu njema ambayo kanuni zake zimeandikwa na mtengenezaji. Ukimpa leo filamu nyingine yenye kasi ya kukisia, isiyofuata kile kipeo cha 1.26 na yenye kukwaruzika, akikosea hatajua kosa ni la nani. Ajifunze kwanza kwa kitu kimoja.

chumba_cha_eksirei (Kigoma)

Sikatai, Mzee. Ila karatasi 19 kwa mtu anayehesabu kila moja zinamtia woga, na mtu mwenye woga hapigi picha. Kuna lile ua la mwituni, Gloriosa superba, linalotambaa vichakani wakati wa mvua, lenye petali nyekundu zilizojikunja juu na pindo za njano. Kwenye filamu ya eksirei wekundu unakuwa giza na pindo zile zinabaki kama nyuzi nyeupe. Nimeliona kwa macho yangu ndani ya sinia, na sijawahi kuona filamu yenye kuona rangi zote ikilifanyia hivyo bila kichujio.

kaniki_nyeusi (Tabora)

Wazee wangu, nimewasikia wote wawili. Nitaanza na FP4, na vya eksirei nitavitafuta mvua zikianza. Nina maswali mengine mawili. Kamera hii inaweza kulaza lenzi mbele na nyuma. Nimesoma kwamba ndiyo siri ya kamera kubwa. Je, nitumie? Na maji ya bomba hapa ni ya vuguvugu mchana kutwa, ilhali maelekezo ya divelopa yanataka nyuzi 20.

mwalimu_wa_fizikia (Kigoma)

Kuhusu kulaza lenzi: kanuni yake inaitwa kwa jina la Theodor Scheimpflug, ofisa wa jeshi la Austria aliyepata hataza mwaka 1904, ingawa mwenyewe alikiri kwamba Mfaransa Jules Carpentier alimtangulia. Ukiinamisha lenzi, bapa la ukali, yaani tabaka linaloonekana kali pichani, linainama nalo, na mabapa matatu, la filamu, la lenzi na la ukali, yanakutana kwenye mstari mmoja. Linafaa sana kwa kitu bapa kilicholala, kama uso wa alizeti unaotazama juu au tuta la maua linaloenda mbali. Lakini haibiskasi haina ubapa. Ukilaza bapa la ukali lipite kwenye ncha ya kijiti na petali ya chini, petali ya juu itatoweka kwenye ukungu, na utaanza kulaumu lenzi. Funga kila kitu kwenye sifuri. Katika picha kumi za kwanza usikiguse.

Jambo dogo ambalo lingekusaidia zaidi: ukiwa karibu namna hii, usitafute ukali kwa kusogeza lenzi, kwa sababu kila ukiisogeza, ukubwa wa ua nao unabadilika na utazunguka kama ng'ombe wa shinikizo. Weka lenzi mahali pake, kisha sogeza upande wa nyuma wenye kioo.

mzee_wa_studio (Ujiji)

Kuhusu maji: nunua barafu dukani, ifunge kwenye mfuko wa nailoni usiovuja, uitumbukize ndani ya chupa ya maji utakayochanganyia, wala usiimimine barafu yenyewe ndani ya dawa kwa sababu itaizimua. Weka sinia ya divelopa ndani ya beseni kubwa lenye maji baridi, vinginevyo joto la chumba litaipandisha kabla hujamaliza. Ukitumia divelopa ya ID-11 iliyochanganywa sawa kwa sawa na maji, FP4 Plus inataka dakika 11 kwa nyuzi 20. Ukiiacha kwenye nyuzi 27 kwa dakika hizo hizo, utapata negativu nzito na ngumu.

Kuhusu vumbi, maana Tabora naijua wakati wa kiangazi: pakia kaseti zako usiku, bafuni, baada ya mtu kuoga, mvuke ukishalishusha vumbi chini. Futa kaseti kwa kitambaa chenye unyevu kabla ya kuzima taa. Gizani, shika karatasi ikiwa wima, vidole vitafute vipengele vilivyokatwa pembeni. Vikiwa pembe ya juu kulia, upande wenye dawa unakutazama wewe. Na vifuniko vya kaseti vina ukingo mweupe na ukingo mweusi. Mweupe ukitazama nje, karatasi ni mpya, mweusi, imeshapigwa. Usiamini kumbukumbu yako hata siku moja.

Kingine, juu ya kaniki yako tandika shuka jeupe. Utajionea tofauti jua likiwa kali.

kaniki_nyeusi (Tabora)

Narudi baada ya wiki mbili na siku kadhaa.

Nilipata haibiskasi ya njano kwa jirani, nikaichuma saa moja na nusu asubuhi, nikaisimamisha kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi juu ya meza ya kulia chakula. Dirisha letu la upande wa kusini halipati jua msimu huu. Manila ya kijivu sikuipata mjini, kwa hiyo nilitumia upande wa ndani wa boksi la sabuni, ambao kwa bahati una rangi hiyo hiyo. Rula niliisimamisha kando ya ua: sentimita 10 zikawa 5 kwenye kioo. Simu ikasema sekunde 2 kwa f/22, kwa kuwa ndani kuna giza zaidi. Mbili mara 2.25 ni 4.5, kipeo cha Mwalimu kikaifanya 6.7, nikatoa 7. Kisha nikapiga ya pili kwa sekunde 14, kwa sababu nilikuwa siamini hesabu zangu, na Mzee anisamehe kwa ubadhirifu.

Mjomba alikuwa ameketi kwenye mkeka akihesabu sekunde kwa sauti, akakataa katakata nitumie saa ya simu. Sekunde saba ni ndefu sana ukiwa umesimama na waya wa shata mkononi, watoto wa jirani wamekatazwa kukimbia barazani, na wewe mwenyewe unaogopa kupumua karibu na meza. Katika sekunde ya tano jogoo aliwika, na nadhani sote wawili tuliruka, ila ua halikuruka.

Nilisafisha usiku, barafu ndani ya nailoni, nyuzi 20 kwa kipimajoto cha mjomba. Negativu ya sekunde 7 ina kila kitu. Kijiti chote ni kikali kuanzia chini hadi kwenye chavua. Mishipa ya petali inaonekana hadi inapoishia kwenye ukingo, na ukingo wenyewe umechanika mahali pamoja, jambo ambalo sikuliona kwa macho wala kwenye kioo. Petali ya nyuma kabisa imelegea kidogo, kama Mwalimu alivyoonya. Ile ya sekunde 14 ni nzito zaidi lakini nayo inafaa, na mjomba anaipenda hiyo.

Sina mashine ya kukuzia. Nilichofanya ni kulaza negativu juu ya karatasi ya picha aliyokuwa ameihifadhi kwenye kabati tangu alipofunga kazi, nikaiwekea kioo cha fremu ya ukutani juu yake, na kuwasha balbu ya chumba kwa kuhesabu hadi nne. Karatasi ni ya zamani mno, weupe wake umekuwa wa kijivujivu, lakini picha ya inchi 4 kwa 5 imetoka, na unaweza kuisogeza hadi puani bado ikawa kali.

bi_bustani (Tabora)

Ile nyekundu je? Umeiacha?

kaniki_nyeusi (Tabora)

Sijaiacha, Bi. Kaseti mbili zimebaki zimepakiwa, na nimeambiwa kuna mtu Kiloleni mwenye kipande cha kichujio chekundu kutoka kwenye kamera ya baba yake. Ninakwenda kumwona Jumamosi. Kwa hesabu yangu ni sekunde 16 kabla ya madeni, 36 baada ya mvukuto, na karibu dakika moja na nusu baada ya uchovu wa filamu, kwa hiyo nitahitaji kumpeleka jogoo kwa jirani.